Mwisho wa Hadithi Uliopotea Ihanda

Enzi zetu, msichana aliyeshika kitabu cha mtumba alianza kukikagua kwa nyuma. Si kwamba tulikuwa na haraka ya kujua mambo, la hasha. Tulikuwa tunahakikisha kwamba hiyo nyuma yenyewe ipo. Karatasi ilikuwa na kazi nyingi miaka ile ya hamsini. Ilifungia chumvi, ilisokotewa tumbaku, iliziba tundu la dirisha, na mtu mwenye shida ya karatasi hakuanza kuchana kurasa za mwanzo ambako kila mtu angeona. Alichana za mwisho. Ndiyo maana vitabu vingi vilivyotufikia vilikuwa kama ng'ombe aliyekatwa mkia: anatembea, anakula, lakini ukimtazama unajua kuna kitu kimepungua.

Nilikuwa shule ya kati ya wasichana, ya bweni, upande wa Bukoba, mimi mtoto wa mkulima wa migomba na kahawa kutoka Ihanda, Karagwe. Jina langu ni Kokushubira, lakini nyumbani na shuleni wote waliniita Koku. Shule ilikuwa ya misheni, na walimu wetu walitupa vitabu vizuri vya kutufanya tuwe watu wema. Tulivisoma, tukawa wema kiasi chake. Lakini likizo ilipokaribia, roho zilitaka kitu kingine. Zilitaka maiti iliyokutwa ndani ya duka lililofungwa, zilitaka nyayo kwenye matope na mtu anayedanganya huku akitokwa jasho. Likizo ya Desemba ilikuwa ndefu, na Ihanda hakukuwa na cha kusoma isipokuwa Agano Jipya la baba na maandishi kwenye magunia ya kahawa.

Vitabu hivyo vya visa tulivipata sokoni kwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee Sefu. Alikuwa anauza makoti yaliyokwisha kuvaliwa, chupa tupu, sufuria zilizozibwa matundu, na pembeni, juu ya gunia, rundo la vitabu vilivyoachwa na makarani waliohamishwa vituo. Mwenyewe hakuvisoma. Alivipanga kwa ukubwa, kama viatu. Fedha hatukuwa nazo, naye alikuwa mpenzi mkubwa wa kahawa ya kutafuna, zile buni zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha kukaushwa. Mama yangu alizitengeneza vizuri kupita wanawake wote wa kwetu, na kila muhula alinifungia za kutosha kwenye ganda la mgomba. Alidhani nazitafuna mimi na wenzangu wakati wa kujisomea. Kumbe zilikuwa zinageuka wapelelezi.

Kuchagua kulikuwa na taratibu zake, na mimi na rafiki yangu Editha wa Kituntu tulizifuata kuliko amri za bweni. Kwanza, kurasa za mwisho zipo? Pili, zipo za kitabu hichohicho? Maana Mzee Sefu, kwa huruma yake, aliwahi kutushonea mwisho wa kitabu kingine, tukasoma hadithi ya wezi wa ng'ombe iliyoishia kwa maelekezo ya kufuga nyuki. Tatu, unafungua katikati na kusoma mistari michache. Ikiwa watu wanazungumzia hali ya hewa, unarudisha. Ikiwa kuna mtu amejificha nyuma ya mlango, unakikumbatia kitabu na kutazama pembeni ili Mzee Sefu asione jinsi unavyokitaka. Editha alipenda hadithi za mapenzi, mimi nilipenda za mauaji, na mara nyingi tulisuluhishwa na kitabu chenye vyote viwili.

Mwaka ninaousimulia nilipata hazina. Kitabu kinene, jalada limetoka lakini kurasa zote zipo, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho ambao ulikuwa na doa la chai. Niliuona kwa macho yangu na kuugusa kwa kidole changu. Kilikuwa cha tajiri mmoja wa pwani aliyekutwa amekufa ndani ya duka lake, mlango umefungwa, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Wanaoshukiwa ni watatu: karani wake, shemeji yake, na fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka. Editha alinionea wivu njia nzima. Tulipanda lori la kwenda Karagwe, tukakaa juu ya magunia, vumbi likatufanya sote tuwe na nywele nyekundu, na kila lori liliporuka shimo nilikibana kitabu kifuani kama mtoto mchanga.

Pale nyumbani nilipokelewa kama wageni wanavyopokelewa. Mama alikuwa ametandaza nyasi mpya sebuleni, zile zinazonukia ukizikalia, na ndizi zilikuwa jikoni na maharage. Nikapiga magoti nikamwamkia baba, shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za shule, nikajibu nzuri. Lakini hakuniangalia usoni. Baba alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye utani hata kanisani, na siku hiyo alikuwa akichezea mrija wake wa kunywea lubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kunywa. Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe nililisikia kwa mama tukiwa tunamenya ndizi. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa ameleta posa. Watu wa Kibingo, upande wa Kyerwa, walikuwa na kijana wao, ana shamba la kahawa na baiskeli yenye kengele mbili. Walikuwa wameshakuja mara moja na kibuyu cha pombe, na wangerudi kuchukua jibu kabla likizo haijaisha. Baba mkubwa alikuwa anasema msichana aliyefika nilipofika ameshasoma vya kutosha kuhesabu watoto wake. Baba hakuwa amekubali wala kukataa. Kwa mila zetu kumkatalia kaka mkubwa ni jambo zito, na baba alikuwa mpole kwa kaka yake kiasi cha kutuudhi.

"Na wewe, mama, unasemaje?" nikamuuliza.

Mama akaitupa ndizi iliyomenywa kwenye beseni. "Mimi nani ameniuliza?"

Nililia siku ile, siwezi kuficha. Nililia nyuma ya migomba ambako hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi. Nilikuwa napenda shule. Nilipenda hata uji wake uliokuwa na vibonge. Na nilimchukia yule kijana wa Kibingo ambaye sikuwahi kumwona, nikaichukia na baiskeli yake, zote kengele mbili.

Lakini utoto ni dawa. Kesho yake nikatoa kitabu changu. Alasiri, kazi zikiwa zimepungua, nilikaa kwenye nyasi nikaanza kusoma kwa sauti, kwanza nikimsomea mama tu aliyekuwa anachagua maharage. Nilisoma kwa Kiswahili kisha namweleza kwa lugha ya nyumbani. Baba akapita na jembe, akasimama. Akapita tena bila jembe. Mara ya tatu akakaa.

"Rudia hapo pa kiatu," akasema.

Siku iliyofuata alikuja na jirani yetu Ta Kagaruki, Ta ni heshima tunayompa baba mzima, mzee aliyekuwa mkungu wa kijiji, mtu wa kuamua mashauri ya mipaka na mbuzi waliokula shamba la mtu. Wa tatu alileta kibuyu, wa nne alileta kahawa ya kutafuna, na kabla juma halijaisha uwanja wetu ulikuwa na wanaume wengi kuliko siku ya msiba. Na hapo ndipo mambo yalipochukua sura ambayo mwandishi wa kitabu kile, popote alipokuwa, hakuitarajia. Wazee wale hawakusikiliza hadithi. Walisikiliza kesi.

Kila nilipomaliza sura, Ta Kagaruki aliinua mkono nikanyamaza, kisha shauri likafunguliwa. Huyu karani ni mtu wa ukoo gani? Nikasema kitabu hakisemi. Wakatazamana kwa mashaka. Marehemu alikuwa akinywa na nani? Kitabu hakisemi. Mpelelezi amekwenda kwa majirani? Hajakwenda. "Mpelelezi gani huyu!" Ta Kagaruki akashangaa. "Mtu amekufa, na yeye anapima kiatu!" Wakaafikiana kwamba serikali ya huko pwani inaajiri watoto. Mara moja nilitumwa nirudi nyuma kurasa nyingi ili shahidi aulizwe upya, na nilipowaambia kwamba shahidi hawezi kujibu zaidi ya alivyojibu, mzee mmoja alitikisa kichwa akasema huyo ndiye ana siri.

Kila mtu alikuwa na muuaji wake. Baba alimkamata karani tangu siku ya kwanza, kwa sababu ambayo mkulima yeyote wa kahawa angeielewa. "Mtu anayekaa na mizani," alisema, "ameshazoea kuua kidogokidogo." Ta Kagaruki alisema ni shemeji, maana mashauri yote makubwa aliyowahi kuamua yalianza kwa shemeji. Walibishana hadi lubisi ikapata ukali. Mama, ambaye alikuwa akimenya ndizi pembeni na hakuwa ameombwa maoni, siku moja alisema bila kuinua macho:

"Ni fundi cherehani."

Wanaume wakacheka. Baba ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote.

"Chekeni," mama akasema. "Anayekaa barazani anaona kila anayeingia na kila anayetoka. Huyu amekaa barazani kutwa, anasema hakuona mtu. Mimi nikikaa hapa hata kuku wa jirani akipita namjua. Basi ni kipofu au ni yeye, na kipofu hashoni."

Baba akasema mwanamke anaona uvivu wa fundi, haoni hatia ya karani. Kuanzia hapo kesi ikawa ya nyumba nzima. Walibishana wakiwa shambani, wakiwa mezani, na Jumapili moja nilisikia baba akinong'ona "karani" katikati ya mahubiri.

Mimi nilikuwa nimelewa sifa. Nilitembea kijijini kama askofu. Mama aliniuliza siku moja jinsi ninavyovichagua vitabu huko sokoni, na mimi, kwa majivuno ya msomi, nikamweleza taratibu zote, nikamwonyesha kurasa za mwisho zenye doa la chai. "Kitabu bila hizi, mama, si kitu. Muuaji anakaa hapa." Akazigusa kwa kidole chenye utomvu wa ndizi. Akauliza, "Hapa hasa?" Nikamwambia hapo hasa. Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Nilifurahi kumfundisha kitu.

Ndipo senene wakaanguka. Wa kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wageni niseme kwamba ni wadudu wa kijani na kahawia wanaokuja na mvua za mwisho wa mwaka, na kwamba hakuna pilau, hakuna keki, hakuna kitu chochote kilichopikwa na binadamu kinachowafikia. Asubuhi na mapema tulikuwa nyikani na mama na wanawake wote wa kijiji, nguo zimelowa umande, tukiwakusanya kwenye vibuyu huku tukiimba na kusukumana. Kisha unawanyonyoa mabawa na miguu, unawakausha kwa moto wa taratibu, nyumba nzima inanukia. Na baada ya kazi yote hiyo, sisi tuliowakamata hatukuruhusiwa kuonja. Senene walikuwa chakula cha wanaume. Wajukuu zangu nikiwaambia hivyo wananitazama kama vile nilifungwa jela.

Ila desturi hiyo ilikuwa na upande wake wa pili, na upande huo ulikuwa mtamu. Mke aliwafunga senene wa mumewe vizuri kwa majani makavu ya mgomba, akamkabidhi mbele ya watu, na mume alipopokea hakuweza kupokea hivihivi. Alidaiwa zawadi. Kwa kawaida ilikuwa nguo mpya, na mke ndiye aliyetaja anachokitaka. Mwaka mzima mwanamke anaweza kuwa hana sauti, lakini siku ya senene ana ulimi. Mwanaume aliyepokea senene akakataa ombi la mkewe alichekwa mpaka watoto wake wakachekwa.

Mama alichagua Jumapili ya mwisho ya likizo yangu. Ilikuwa siku ya kusomwa sura ya mwisho, na uwanja ulikuwa umejaa tangu tulipotoka kanisani. Baba mkubwa naye alikuja, na nyuma yake watu wawili wa Kibingo na kibuyu kikubwa kilichofungwa majani, kwa ajili ya jibu. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mgomba. Watoto walikuwa wakiipiga kengele. Baba aliwakaribisha, akawaambia kwa heshima kwamba jibu litakuja, ila kuna shauri dogo linamaliziwa kwanza. Wageni wakakaa. Nikasoma.

Nilisoma vizuri kuliko siku zote, kwa kuwa niliona ni mara ya mwisho. Mpelelezi akawaita wote dukani. Karani yupo, shemeji yupo, fundi yupo. Akakitoa kile kiatu mfukoni. Hata watu wa Kibingo, ambao hawakuwa wamesikia mwanzo wake, walikuwa wameacha kutafuna. "Akawatazama mmoja baada ya mwingine," nikasoma, "kisha akanyoosha kidole, akasema: Muuaji wa mzee huyu ni..."

Nikafunua. Hakukuwa na kitu.

Nilifunua tena kana kwamba ukurasa ungekuwa umejificha. Nikakikung'uta kitabu. Nikainuka, nikatazama nyasi nilizokalia. Kurasa zenye doa la chai hazikuwepo, zote, zimetoka kwenye uzi bila kuacha hata ncha.

"Ni nani?" baba akasema. "Koku, ni nani?"

"Kurasa hazipo, baba."

Sijawahi kusikia kelele zile tena, hata siku ya Uhuru. Ta Kagaruki alisimama na fimbo yake. Mmoja alisema panya, mwingine akasema mbuzi, wa tatu akasema ni yule muuza mitumba wa Bukoba, nami nilikubali moyoni kwamba ni Mzee Sefu, ingawa macho yangu yalikuwa yameziona kurasa zile. Baba alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa kama mtu aliyelima, akapalilia, halafu akakuta nyani ametangulia.

Katikati ya zogo hilo mama akatoka ndani. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, na mikononi ana furushi la senene, limefungwa vizuri mno. Akapiga magoti mbele ya baba, akampa kwa mikono miwili. Kelele zikatulia, kwa sababu jambo la senene ni jambo la heshima. Baba akapokea, akafungua kidogo, harufu ikatoka, uso wake ukafunguka.

"Ahsante, mke wangu. Umenifariji. Haya, taja. Mwaka huu unataka nguo ya rangi gani?"

"Mwaka huu sitaki nguo," mama akasema.

Wazee wakatoa mirija midomoni.

"Nataka mwisho wa hadithi. Wewe umekuwa na karani wako, mimi nina fundi wangu, na mmoja wetu amekosea. Siwezi kuishi nyumba hii bila kujua. Kitabu kimetoka Bukoba, na mwisho wake utakuwa hukohuko. Naomba mtoto arudi shule akautafute."

Baba mkubwa akaruka. "Na watu wa Kibingo?"

Ta Kagaruki akagonga fimbo chini. Nakumbuka sauti yake mpaka leo. "Mwanamke amekabidhi senene, na ameomba mbele ya watu. Mume wake amekwisha pokea. Hapa hapana shauri."

Baba alimtazama kaka yake. Alitazama kitabu mkononi mwangu. Kisha, polepole, nikaona ule utani wake ukirudi kwenye pembe za mdomo.

"Watu wa Kibingo wasubiri kidogo," akasema. "Hata mimi nasubiri."

Yule kijana hakusubiri. Alioa mwaka uliofuata, binti wa jirani yao, na nasikia waliishi vizuri na baiskeli ikazeeka kwa heshima. Mimi nilirudi shuleni, na siku ya kwanza niliyopata ruhusa ya kwenda sokoni nikamwendea Mzee Sefu kwa hasira. Alinisikiliza, akatafuna kahawa ya mama, akasema, "Mwanangu, mimi nauza makoti yaliyochanika, lakini kitabu sijawahi kukichana." Alinitafutia nakala nyingine kwenye rundo, muhula huo na mihula iliyofuata. Hatukuipata kamwe.

Kwa hiyo kila likizo niliposhuka kwenye lori, kabla hata sijapiga magoti, baba alikuwa akiuliza swali lilelile. "Umeupata?" Najibu, bado, baba. "Basi itabidi urudi." Ndivyo nilivyomaliza shule ya kati. Ndivyo nilivyokwenda chuo cha ualimu, huku baba mkubwa akilalamika kwamba hajawahi kuona hadithi ndefu kama ile. Ta Kagaruki naye akampeleka shule mjukuu wake wa kike, akasema wawili wanatafuta haraka kuliko mmoja. Na pale nyumbani ugomvi wa karani na fundi haukufa. Hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe, ukifika Ihanda unamkuta baba anasema karani, mama anasema fundi, na chai inapoa.

Baba alitutoka akiwa mzee wa mvi nyingi. Baada ya matanga mama aliamua nyumba ile ya zamani ibomolewe, ijengwe nyingine. Siku ya kuhamisha vyombo aliniita jikoni, akanionyesha juu ya dari la miti, mahali moshi ulipopitia miaka yote, pameiva weusi.

"Kuna furushi lako pale," akasema. "Lishushe."

Lilikuwa furushi dogo la majani ya mgomba, kama la senene, jeusi kwa masizi. Nikamwuliza ni nini. Mama akakaa kwenye kigoda, akavuta kanga yake.

"Ulinionyesha mwenyewe. Ulisema, muuaji anakaa hapa. Nikafikiri, baba yako hamwezi kaka yake, lakini hadithi hii imemweza baba yako. Nikazitoa zile kurasa asubuhi ile mkiwa kanisani, nikabaki kupika. Nilitaka nikwambie ukimaliza shule. Halafu nikaona mambo yanakwenda vizuri, nikaacha."

Nilimshika mikono yake, ile ile yenye utomvu usiotoka, nikalia kama nilivyolia nyuma ya migomba, ila safari hii kwa furaha. Kisha nikampa furushi alifungue mwenyewe. Akalishika. Akaligeuza. Nikaona uso wake umebadilika.

"Koku. Hili fundo si langu."

Nikatazama. Mama alifunga furushi kama wanawake wote wa kwetu wanavyofunga, anasokota ukamba na kuuchomeka chini. Hili lilikuwa limefungwa kwa kitanzi mara mbili na kukazwa pembeni. Fundo hilo nalijua tangu nilipoanza kutembea, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiweka kidole changu juu yake ili lisilegee. Ni fundo la baba. Ndilo alilofungia magunia ya kahawa.

Mama akalirudisha furushi mkononi mwangu.

"Nisomee," akasema.

Nikafungua. Doa la chai lilikuwepo. Nikamsomea kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya nyumbani, kama zamani. Muuaji alikuwa fundi cherehani, na kilichomkamatisha ni kwamba alikaa barazani kutwa nzima akasema hakuona mtu.

Mama akalitazama lile doa la chai. Kisha bega moja likaanza kutikisika, halafu la pili. "Miaka yote ile!" akasema. "Miaka yote ile alibishana nami, na alijua!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, akacheka tena, na sehemu fulani katikati kicheko kikawa kilio, nikamwacha. Baba alijua tangu lini, hatujui. Labda tangu wiki ileile niliyopanda lori kurudi shule. Kila alipouliza "umeupata?" alikuwa ameshausoma, akaufunga tena, akaurudisha kwenye moshi.

Siku hizi vitabu vya mtumba vipo hata Kayanga, mji wetu wa karibu, vingi, vimekamilika, na hakuna anayevipigania. Wajukuu zangu wanatazama hadithi kwenye simu. Mpelelezi hajavaa hata viatu, wameshasogeza kidole kwenda mwisho, wamejua, wamefungua nyingine. Hawabishani na mtu. Hawajui raha ya kumchukia karani miezi mingi bila ushahidi. Senene wanawala wavulana kwa wasichana, kwenye vifuko kama karanga, na hilo sina ugomvi nalo, hata mimi nakula, tena kwa kulipiza. Ila mara nyingine natamani uwanja ule, nyasi mpya, wazee wenye mirija, na mama pembeni anamenya ndizi akiwa ameshajua kila kitu.

Kitabu kile bado ninacho. Kurasa za mwisho sikuzishona. Niliziacha kwenye majani yake, nikazifunga kwa fundo la baba. Likizo iliyopita mjukuu wangu wa kike, anayesoma bweni na aliyeanza kusema shule imemchosha, alikiokota, akaanza kwa dharau, akasoma siku mbili bila kushika simu. Siku moja kabla ya kuondoka alikuja mbio kwangu, kitabu wazi mkononi.

"Bibi! Kurasa zimeisha! Muuaji ni nani?"

Nikachukua buni moja ya kahawa, nikaitafuna taratibu.

"Hata mimi natamani kujua," nikamwambia. "Itabidi urudi shule ukautafute."